Vioo Vyepesi vya Satelaiti Ndogo

Kioo kikuu cha darubini ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, kina uzito upatao kilogramu 828. Satelaiti ndogo haiwezi kubeba mzigo huo. Kupunguza unene tu hakufai, kwani kioo chembamba hupinda. Na ukingo wa Hubble, uliokosewa kwa takriban sehemu ya 50 ya unene wa unywele, ulitosha kutia picha ukungu. Hivyo mgongo wa kioo huchongwa matundu mfano wa sega la nyuki: uzito hupungua, ukakamavu hubaki. Kazi hiyo ni ya gharama, na huweza kushindwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1982 ilizitaka idara kubwa, NASA ikiwamo, zitengee makampuni madogo fungu la utafiti: kwanza wazo lithibitishwe, kisha kielelezo kiundwe.