Kabla Hujalaumu Goti, Pima Kiti: London Hadi Brighton kwa Baiskeli

Mara ya kwanza nilipojaribu kwenda Brighton kwa baiskeli, nilirudi nyumbani ndani ya gari la shemeji. Nilikuwa nimefika Turners Hill, kijiji kilichokaa juu ya kilima huko Sussex, nimeshapita nusu ya njia. Goti la kulia lilikuwa linachoma, vidole vya mikono vimekufa ganzi, na njaa ilinishika mpaka natetemeka. Nikakaa kwenye ukuta mfupi kando ya barabara, nikampigia shemeji, kisha nikamwandikia mwanangu ujumbe: "Leo siji." Akajibu neno moja: "Sawa."

Hiyo "sawa" iliniuma kuliko goti.

Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza chuo Brighton. Tangu ahame, maongezi yetu yalikuwa dakika tano za simu kila Jumapili, na dakika nne kati ya hizo ni za mama yake. Mimi nilimwahidi kwa mdomo wangu kwamba nitakwenda kumwona kwa baiskeli. Alicheka, akasema, "Baba, ni maili 54." Nikamwambia ataona. Basi akaona.

Baiskeli yenyewe nilianza kwa sababu ya sukari. Nesi wa zahanati yetu alinipima damu, kipimo kikasoma 44. Hapa Uingereza, 42 hadi 47 ni eneo la tahadhari, na kuanzia 48 ndipo huhesabiwa kisukari. Kazi yangu ni ya kukaa, naendesha basi. Nesi akaniuliza ni mazoezi gani ninayoyapenda. Sikuwa na jibu jingine. Nimekulia Tanga, mji ambao baiskeli ni miguu ya watu. Nikasema: baiskeli.

Mazoea ya nyumbani

Nilijifunzia Phoenix ya baba, yenye gia moja na keria nyuma. Tulifundishwa hivi: shusha kiti mpaka nyayo zote mbili ziguse ardhi, usije ukaanguka. Kwa mtoto anayejifunza hilo si kosa. Na kwa safari ya kutoka nyumbani hadi sokoni, barabara tambarare, goti halina muda wa kulalamika.

Nilipofika ukubwani nikaja na mazoea yaleyale. Nilinunua baiskeli ya mbio iliyotumika, usukani umepinda kama pembe za kondoo, kutoka kwa mtu aliyenizidi urefu. Bei ilikuwa nzuri, nikajiambia nitashusha kiti yaishe. Upepo nikaujaza hadi ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, nikidhani ndiyo inayotakiwa. Asubuhi ya safari nikanywa chai na kipande cha mkate, nikaondoka. Yote haya yalikuwa makosa, na goti ndilo lililoyalipa.

Baada ya aibu ya Turners Hill niliamua kwamba umri umenishinda. Nina miaka 49. Nikaifunika baiskeli kwa turubai bustanini, ikakaa huko wiki sita.

"Papa, hii kiti iko chini sana"

Aliyenitoa kwenye unyonge ni fundi mmoja kutoka Bukavu, anayejitolea siku za Jumamosi kwenye karakana ya mtaani kwetu. Nilimpelekea baiskeli ya binti yangu iliyopata pancha. Katika mazungumzo nikamsimulia habari ya goti. Akaniambia nirudi na baiskeli yangu. Niliporudi akanipandisha juu yake, mkono wangu mmoja ukutani, akaniangalia nikinyonga kinyumenyume.

"Papa, hii kiti iko chini sana. Unanyonga kama mtu amechutama. Kila mzunguko, goti inakunjwa kupita kiasi."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike: mwili haupaswi kuzoea baiskeli mbovu. Baiskeli ndiyo inayorekebishwa ifuate mwili. Na marekebisho mengi unaweza kuyafanya mwenyewe kwa kispana cha pembe sita na futikamba ya fundi cherehani.

Anza na urefu wa kiti. Panda baiskeli ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha mguu mahali pake, yaani sehemu pana ya unyayo juu ya pedali, goti litabaki limekunjwa kidogo tu. Hicho ndicho kipimo cha haraka.

Kuna pia hesabu iliyopata umaarufu kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu. Simama pekupeku, mgongo ukutani, bana kitabu katikati ya mapaja hadi juu kabisa, kisha pima kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.883. Jibu ndilo umbali kutoka katikati ya ekseli inayozungusha pedali hadi juu ya kiti. Mimi nilipata sentimita 80, kwa hiyo kiti changu kilitakiwa kiwe kwenye sentimita 70.6. Kilikuwa kwenye 66.

Fundi hakukipandisha chote kwa siku moja. Alipandisha sentimita 2, akaniambia niendeshe wiki nzima, kisha niongeze kidogo kidogo. Misuli nayo ina mazoea yake. Bomba la kiti lina alama ya mwisho, usiipite, litavunjika.

Maumivu yenyewe yana lugha, ukiyasikiliza yatakuelekeza. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno au umekaa mbele mno. Likiuma kwa nyuma, au nyonga zinayumba kulia na kushoto unaponyonga, kiti kiko juu mno. Mikono ikifa ganzi na shingo ikikaza, huenda usukani uko mbali au kiti kimeinamia mbele, uzito wote ukaangukia viganja. Kiti kiwe sawasawa kama meza, na viwiko vilegee kidogo. Kwangu mimi fremu ilikuwa kubwa, kwa hiyo fundi alibadilisha kile kipande kinachounganisha usukani na fremu, akaweka kifupi zaidi. Ganzi ikaisha. Lakini maumivu yasiyoondoka, au goti linalovimba, hayo ni ya daktari.

Wazazi, hili linatuhusu pia kwa watoto. Sisi tunapenda kununua kikubwa, "atakikuza". Kiatu kikubwa humfanya mtoto ajikwae. Baiskeli kubwa humfikisha mbele ya gari kabla mguu haujafika chini. Mnunulie ya kimo chake cha leo, hata ikiwa ya mkononi.

Vitu vya kununua na vya kuacha

Maduka ya baiskeli yana uchawi wa kumaliza mshahara. Kwa safari ndefu nilihitaji vitu vichache: kaptula ya kubana yenye pedi, ambayo huvaliwa bila nguo nyingine ya ndani, helmeti, taa, tyubu mbili za akiba, vijiti vya kutolea tairi, na pampu ndogo. Dada zetu wanaojisitiri huvaa kaptula hiyo ndani na suruali pana juu, wakifunga pindo lisiingie kwenye mnyororo. Sheria ya Uingereza hailazimishi helmeti, ila usiku ni lazima taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.

Tairi nilizobadilisha zina upana wa milimita 28 badala ya 23, na sasa najaza upepo kwa kadiri ya uzito wangu. Ile namba ubavuni mwa tairi ni kikomo. Tairi lililojaa mno hudundadunda kwenye barabara mbovu, na mishtuko yote huishia mikononi na mgongoni. Nyuma nikaweka gia yenye meno 32, ili kwenye mlima miguu izunguke badala ya kusukuma.

Kama umeajiriwa Uingereza, uliza kazini kuhusu Cycle to Work, mpango uliopo tangu 1999. Mwajiri anakupatia baiskeli na vifaa, unakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara kabla ya kodi. Jihadhari na jambo moja: makato hayaruhusiwi kuushusha mshahara wako chini ya kima cha chini cha kisheria, kwa hiyo wenye kipato kidogo huweza kukosa. Usivunjike moyo. Halmashauri nyingi za London hutoa mafunzo ya kuendesha bure, na karakana za mtaani huuza baiskeli zilizokarabatiwa kwa bei ya kibinadamu.

Kula kabla ya njaa

Kutetemeka kwangu Turners Hill hakukuwa ugonjwa. Akiba ya wanga mwilini ni ndogo. Ukiendesha kwa nguvu inaweza kuisha ndani ya saa mbili hivi, na ikiisha, miguu hukataa. Dawa ni kula mapema: gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Pipi ghali za wanamichezo si lazima. Tende moja kubwa ina karibu gramu 16, ndizi moja karibu 25. Mke wangu hunifungia tende zilizotolewa kokwa na vipande vya mkate wa kumimina, naviweka mfuko wa mgongoni mwa fulana. Kila nusu saa nakula kitu, hata kama sisikii njaa. Maji, karibu nusu lita kwa saa, zaidi siku ya jua, na chembe ya chumvi.

Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari wazungumze na daktari kabla ya safari ndefu, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla barabarani.

Mara ya pili

Majira yote ya baridi niliongeza umbali polepole: maili 10, 15, 20, hadi nikaweza 40 bila kuumwa. Jumamosi moja ya Mei nikaondoka Clapham Common saa 12 asubuhi. Mitcham, Carshalton, kisha mji ukaanza kuniachia, mashamba yakatokea. Tangu 2022 mwongozo wa barabara wa Uingereza unawataka madereva wanaompita mwendesha baiskeli waache angalau mita 1.5, na zaidi wakiwa kasi. Wengi waliacha. Mimi nilikaa mbali na ukingo wa barabara, mahali ninapoonekana, maana kama dereva wa basi najua tusichokiona.

Turners Hill nilisimama kwenye ukuta uleule, nikala tende tatu, nikaendelea. Nikapita Ardingly. Saa sita mchana nikafika chini ya Ditchling Beacon.

Huo ndio mlima unaowasubiri wote waendao Brighton kwa njia hii. Kilele chake kiko mita 248 juu ya bahari, na barabara nyembamba inapanda kwa kona kama kilomita moja na nusu chini ya miti. Mwaka 1994 Tour de France ilipita hapo ikielekea Brighton. Wale walipanda wakiruka. Mimi nilipanda hadi kama theluthi mbili, gia ndogo kabisa, kisha pumzi ikaniambia basi. Nilishuka, nikasukuma. Sikuona haya. Goti lilikuwa zima, na mwenda pole hajikwai.

Kona ya mwisho nilipanda tena juu ya kiti, maana kuna mtu alikuwa amesimama kwenye uzio, mikono mfukoni. Mwanangu alikuwa amepanda basi kutoka mjini kuja kunipokea mlimani. Nyuma yake bahari ilionekana. Alinipokea baiskeli, akanipa maji. "Shikamoo, baba," akasema, kisha akakaa kimya. Nami nilikuwa sina pumzi ya kujibu zaidi ya marahaba.

Tulishuka hadi baharini, yeye kwa basi, mimi kwa breki. Tukala chipsi tukitazama mawimbi. Hapo ndipo aliponiambia kwamba naye alinunua baiskeli ya mkononi ya kwendea chuo, lakini kwa wiki tatu sasa ameiacha.

"Kwa nini?"

"Goti linaniuma, baba. Nikadhani niko dhaifu."

Tulikwenda kwenye ua wa hosteli yake. Nikatoa kispana mfukoni, nikamwambia aegemee ukuta na aweke kisigino juu ya pedali. Goti lilikuwa limekunjwa kama langu la Oktoba. Tulipandisha kiti, akazunguka ua mara mbili, akarudi anacheka. Tukakaa hapo tunafungua na kufunga mpaka jua likaelekea kuzama. Treni ya kunirudisha London nilikuwa karibu niikose.

Kipimo changu cha sukari cha mwisho kilisoma 41. Sitasema ni baiskeli peke yake, kwa sababu chai yangu nayo siku hizi haina sukari. Ila naijua nafasi yake.

Kama una baiskeli iliyofunikwa turubai bustanini au iliyofungwa kwenye balkoni, Jumamosi hii itoe. Egemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali, mwombe mtu wa nyumbani akutazame. Na akishamaliza kukutazama, mpime na yeye.