Radi na Simu Iliyozimwa

Kila mara wingu zito linapoteremka kutoka milima ya Masisi na kuelekea ziwa Kivu, na kila mara vijana wa Himbi, hapa Goma, wanapoagana waende pamoja kusikiliza muziki uwanjani, mimi ambaye kazi yangu ni kuyakinga majengo na radi huletewa swali lile lile, tena na watu waliosoma, wenye shahada na akili timamu: "Injiniere, radi ikianza kupiga, tuzimishe matelefone?" Nimelijibu barabarani, nimelijibu kwenye mlango wa kanisa, nimelijibu hata matangani, ambako nilidhani ningesitiriwa, na kwa kuwa majibu hayo hayakufaa kitu, nalijibu hapa kwa maandishi, ili atakayeniuliza tena nimpe karatasi na kuendelea na safari yangu.

Hapana. Simu haiiti radi, iwe imewashwa au imezimwa, iwe mfukoni au mkononi.

Wanaoshikilia itikadi hii husema kwamba simu hutoa mawimbi, na kwamba mawimbi hayo huwa njia ya radi kushukia. Lau wangechukua taabu ya kupima kabla ya kunena, wangeona kwamba betri ya simu haifikii volti 5, na kwamba nguvu ya mawimbi yake ni ya wati moja hivi au mbili, ilhali hewa haikubali kupasuka na kupitisha umeme mpaka ibanwe na takriban volti 3,000,000 kwa kila mita. Mawimbi ya simu hupita katika hewa hiyo bila ya kuiachia alama yoyote, seuze njia. Radi yenyewe hushuka kwa hatua, kila hatua ikikadiriwa kuwa mita 50, wala haijali kilichoko chini mpaka ibakize makumi machache ya mita. Hapo ndipo vitu vilivyoinuka juu ya ardhi, mti, mnara, nguzo ya jukwaa, au mtu aliyesimama peke yake katikati ya kiwanja, hutoa cheche zao kuilaki, na cheche itakayowahi kuungana nayo ndiyo inayokata shauri. Linalotazamwa katika shauri hilo ni urefu, umbo na upweke wa kitu. Kilichomo mfukoni hakina kauli.

Itikadi hii imetoka wapi? Nadhani imezaliwa na mambo matatu yaliyochanganywa. La kwanza ni simu ya zamani, ile ya waya, ambayo kwa hakika ilikuwa na hatari, kwa sababu radi ikipiga nguzo au waya ulioko mbali, umeme wake huweza kusafiri hadi sikioni mwa msemaji. Waya umeondoka, hofu imebaki. La pili ni minara ya simu iliyojengwa juu ya vilima vyetu, ambayo watu huiona ikipigwa mara kwa mara, wakasema, tazameni, radi inaitafuta simu, hali mnara hupigwa kwa kuwa ni mrefu, na ungalipigwa vivyo hivyo lau ungalikuwa wa kutundikia nguo. La tatu ni habari ya mwaka 2006, pale madaktari wa London walipoandika katika jarida la matabibu juu ya msichana wa miaka 15 aliyepigwa na radi bustanini akiongea kwa simu. Madaktari wale hawakusema kwamba simu ndiyo iliyoiita radi. Hoja yao ilikuwa kwamba kitu cha chuma kikigusana na ngozi huweza kuzidisha jeraha la mtu ambaye amekwisha kupigwa, kama vile mkufu na waya wa sikioni uwezavyo kumchoma. Magazeti yakaichukua habari, yakaikata kichwa na mkia, na kiwiliwili kilichobaki ndicho kinachozunguka mpaka leo.

Ng'ombe wa Masisi hufa kwa radi chini ya miti, wala sijasikia hata mmoja aliyekutwa na simu. Mnamo Agosti 2016, huko Norwei, kulungu wa baridi 323 walikutwa wamekufa mahali pamoja baada ya tufani ya radi, nao kadhalika.

Ningaliweza kuivumilia dhana hii lau ingalikuwa ni upuuzi usiodhuru; kisa cha ghadhabu yangu ni kwamba inawaua watu kwa kuwatuliza. Marafiki wanane waliokuja pamoja tamashani, mvua inapowashukia, huzima simu zao kwa uaminifu mkubwa, kisha, wakiisha kujiona wamefanya lililowapasa, hujibana bega kwa bega chini ya mti wa avoka, au huegemea ua wa chuma, au huingia chini ya jukwaa lenye nguzo ndefu kuliko kila kitu kilichopo. Na mmoja wao akianguka, hakuna mwenye simu inayofanya kazi ya kumwita daktari.

Na haya nayasemea mahali ambapo hakuna mwenye haki ya kuipuuza radi. Hesabu za setilaiti zilizotangazwa mwaka 2016 ziliipa Kabare, Kivu ya Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, kiasi cha mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Sake, ambayo kutoka Himbi ni mwendo wa kilomita zipatazo 25 kwa barabara ya Kyeshero, ilikuwa ya tano, kwa mimweko 143. Tamasha la Amani, lililoanza Februari 2014 katika kiwanja cha Collège Mwanga na kuwakusanya watu kwa maelfu kila mwaka lilipofanyika hapa Goma, lilikuwa likifanyika wazi chini ya mbingu hizo hizo. Na bustani za kando ya ziwa hapa Himbi, ambamo vikundi hupiga muziki Jumapili jioni, hazina mbingu nyingine.

Jambo ambalo ningependa kuulizwa, wala siulizwi, ni habari ya ardhi. Wachache sana miongoni mwa wanaoumizwa na radi hupigwa moja kwa moja kutoka juu. Nusu yao au zaidi hupatwa na umeme uliopiga kitu kingine, kisha ukatambaa ardhini, ukapanda kwa mguu mmoja na kushuka kwa wa pili. Ndivyo walivyokufa wale kulungu. Na sisi tumejenga mji juu ya lava ya Nyiragongo, ya 1977, ya 2002 na ya 2021, jiwe kavu lisilopenda kupitisha umeme, kiasi kwamba radi ikilipiga hushindwa kuzama upesi, ikatandaa juu juu kama maji yaliyomwagwa kwenye sakafu ya saruji. Hii ndiyo sababu hucheka, kicheko kisicho cha furaha, nionapo mwenye kukodisha jukwaa amepigilia fimbo moja ya shaba katika ufa wa lava akaiita kinga. Mahali kama hapa hutakiwa waya wa shaba uzungushwe jukwaa zima, ufungamanishwe na kila nguzo na jenereta, kisha upimwe kwa kipimo, si kwa macho.

Wapo pia watakaoniambia kwamba radi hutumwa, na watanikumbusha mechi ya Kasai ya mwaka 1998, ambamo gazeti la Kinshasa liliripoti kwamba radi iliua wachezaji 11 wa timu moja na kuwaacha wenzao wazima. Umeme utambaao ardhini haugawanyiki sawasawa. Mwenye kutaka kuutafutia mchawi na autafutie, ila asinitake ushahidi.

Basi la kufanya ni hili, nalo ni fupi. Spika za tamasha humeza ngurumo, kwa hiyo kikundi kimweke mmoja wa kutazama mbingu. Mwale ukionekana, hesabuni sekunde hadi ngurumo, sekunde 3 ni kilomita 1, na zikiwa chini ya 30, ondokeni, msingoje wimbo uishe. Jengo la zege lenye nyaya na mabomba ndilo salama, mkae mbali na bomba na dirisha. Gari lililofungwa lenye bodi la chuma pia, kwa sababu ya bodi lake, si ya mipira yake. Pikipiki, bajaji, hema na kibanda cha mbao hazimo. Bati tupu juu ya vichwa halitoshi: Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya Runyanya, Uganda, na Machi 2018 waumini wasiopungua 15 kanisani Nyaruguru, Rwanda. Walio ziwani watoke majini. Pasipo na jengo wala gari, tawanyikeni, msiguse chuma, wala msiusogelee mti. Kuchuchumaa ni shauri la aliyekosa mashauri yote. Rudini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Waandaaji nao wasione haya kukatiza: Rock am Ring ya Ujerumani, mwaka 2016, ilifutiwa siku yake ya mwisho, na hapo radi ilikuwa imekwisha kujeruhi watu zaidi ya 70.

Aliyepigwa hana umeme uliobaki mwilini, hivyo mshikeni bila hofu. Wakiwa wengi, aanzwe aliyelala kimya, kwani anayelia anapumua. Moyo mara nyingi hurejea wenyewe ila pumzi huchelewa, kwa hiyo akandamizwe kifua na kupuliziwa pumzi kinywani, kwa kupokezana, mpaka apumue au afikishwe kwa daktari.