Mifumo Endeshi ya Kompyuta: Upi Umfae Anayeanza?

Jahazi litokalo Tanga kwenda Pemba haliendi kwa mbao na tanga peke yake. Sharti awepo nahodha. Kompyuta nayo ina nahodha wake, yaani mfumo endeshi. Huu ndio unaozigawia programu nyingine kumbukumbu na muda wa kazi, kutunza mafaili, na kupokea amri zetu kutoka kwenye kibodi. Chombo kimoja chaweza kuongozwa na manahodha mbalimbali. Katika makala haya tutawalinganisha wawili.

Wa kwanza ni Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani, uliotolewa mwaka 1985. Umeenea sana maofisini, hivyo anayeanza hupata mtu wa kumwelekeza kwa urahisi. Lakini leseni yake hulipiwa, na kila toleo lina mwisho wake. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Toleo la 11 hudai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, pamoja na kinga iitwayo TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi kuukuu hazina.

Wa pili ni Linux, ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Ufini. Una matoleo mengi. Mojawapo ni Ubuntu, la mwaka 2004, lenye jina la asili moja na neno letu "utu". Hutolewa bure, na kila mtu ana ruhusa ya kuunakili, kuuchunguza na kuurekebisha. Ruhusa ya namna hiyo ndiyo iliyowawezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Upungufu wa Linux ni kwamba programu nyingi zilizotungwa kwa Windows haziendi humo moja kwa moja.

Je, shule ya Muheza au Pangani yenye kompyuta kuukuu ifanyeje? Isizitupe. Kwanza mwalimu ahifadhi nakala za mafaili yote. Kisha aweke Lubuntu, aina nyepesi ya Ubuntu, katika flashi na kuiwasha kompyuta kwa flashi hiyo. Hivyo ataujaribu mfumo bila kuufuta ule wa zamani. Ukifaa, ausimike.

Mwanafunzi aliyefahamu vyema faili, folda na kumbukumbu ni nini hatababaika nahodha abadilikapo.