Mashine ya Kupunguza Unyevu Nyumbani: Nani Anaihitaji na Itumikeje

Katika miji ya mwambao, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na katika visiwa vya Unguja na Pemba, unyevu wa hewa wakati wa masika mara nyingi hupita asilimia 80 nyakati za usiku na alfajiri. Kuta huota kuvu, nguo hunuka uvundo kabatini, na mgonjwa wa pumu anayelala katika chumba cha namna hiyo hushauriwa kununua mashine ya kupunguza unyevu. Mashine hiyo ina manufaa yake, lakini hufanya kazi vizuri katika chumba kilichofungwa tu, na si kila chumba kinachofaa kufungwa.

Unyevu na mfumo wa upumuaji

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani inaeleza kuwa wakazi wa nyumba zenye unyevu mwingi wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata dalili za njia ya hewa, maambukizi ya mfumo wa upumuaji na kuzidiwa na pumu. Sababu mojawapo ni kuvu. Nyingine ni wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho, ambao huishi katika magodoro na mito. Wadudu hao hawanywi maji, bali hufyonza mvuke uliomo hewani. Unyevu ukibaki chini ya asilimia 50 kwa muda mrefu, hukauka na kufa.

Hata hivyo, tafiti zilizoipima mashine peke yake kwa wagonjwa wa pumu hazijathibitisha kwamba inawapa nafuu ya kutosha. Kwa hiyo haichukui nafasi ya dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu. Familia ambayo fedha yake inatosha kitu kimoja tu inapaswa kuanza na dawa.

Kupima na kutafuta chanzo

Kabla ya kununua mashine, unyevu upimwe. Kipimaunyevu kidogo huwekwa chumbani kwa wiki moja, na namba zake huandikwa asubuhi na jioni. Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani hupendekeza unyevu wa ndani uwe chini ya asilimia 60, na ikiwezekana kati ya 30 na 50.

Kisha chanzo kitafutwe: paa linalovuja, bomba lililopasuka ndani ya ukuta, msingi unaofyonza maji ya ardhini, au nguo zinazoanikwa chumbani. Chochote kilicholoa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kabla kuvu hakijaota. Mashine iliyowekwa chini ya paa linalovuja itajaza tangi kila siku na ukuta utabaki umelowa.

Vyumba visivyofaa kufungwa

Ili mashine ifanye kazi, milango na madirisha hufungwa; vinginevyo hujaribu kukausha hewa ya mtaa mzima. Sharti hili lina hatari mbili.

Ya kwanza ni kifua kikuu. Vimelea vyake husambaa kwa hewa, na dirisha lililo wazi huvipunguza. Mashine ya unyevu huizungusha hewa ileile bila kuingiza hewa safi. Nyumba yenye mtu aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi, au aliyeanza matibabu ya kifua kikuu hivi karibuni, iache madirisha wazi, na anayekohoa apimwe.

Ya pili ni moto. Jiko la mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua watu waliolala. Mahali panapopikwa kwa mkaa ndani pasifungwe kwa sababu ya mashine yoyote. Jenereta nalo likae nje, mbali na madirisha.

Kuchagua mashine

Aina ya kwanza hutumia kompresa: hewa hupoozwa, mvuke hugeuka maji na kudondokea tangini. Hufaa maeneo ya joto kama mwambao. Ya pili hutumia kemikali inayofyonza mvuke na kisha kukaushwa kwa joto. Hufaa zaidi penye baridi, kama Njombe au Lushoto, ambako ya kompresa hupungua nguvu.

Lita zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi zimepimwa katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Hali ikiwa tofauti, maji yatakayokusanywa yatapungua. Mnunuzi achague yenye kidhibiti cha kuweka kiwango cha unyevu na yenye kujizima tangi linapojaa.

Gharama ya umeme nayo ihesabiwe: mashine ya wati 300 inayofanya kazi saa 10 mfululizo hutumia uniti 3. Vilevile huongeza joto chumbani. Chumba chenye kiyoyozi huenda kisiihitaji kabisa, kwa kuwa kiyoyozi nacho huondoa unyevu.

Kutumia na kutunza

Mashine isimame wima, mbali kidogo na ukuta na mapazia, na ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi badala ya ekstensheni. Kidhibiti kiwekwe kwenye asilimia 50. Tangi limwagwe kila siku na lisuguliwe kwa sabuni kila wiki, kwani maji yaliyotuama humo huotesha vimelea. Chujio lisafishwe kadiri kijitabu cha mashine kinavyoelekeza. Likijaa vumbi, mashine hutumia umeme mwingi na kukausha kidogo.

Maji ya tangini yasinywewe, wala yasitiwe katika chupa ya mashine ya oksijeni au kifaa cha kuvutia dawa ya mvuke. Yanaonekana masafi, lakini hayajatakaswa.

Mhudumu wa afya anayeombwa ushauri na aulize kwanza mambo matatu: nani anakohoa nyumbani, chakula hupikiwa wapi, na maji yanaingilia wapi. Majibu yakionesha kuwa chumba ni salama kufungwa na chanzo kimerekebishwa, ndipo mashine ipendekezwe, huku mgonjwa akiendelea na dawa zake na kuhudhuria kliniki kama alivyopangiwa.