Bandari ya Dar es Salaam: Nani Anafanya Nini?

Mtahiniwa, swali la usafirishaji wa majini linaweza kukukuta kwenye jiografia, kwenye biashara au hata kwenye insha ya Kiswahili. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapa kwa kuchanganya wahusika. Utakuta mmoja ameandika kwamba TPA ina meli za makontena, mwingine kwamba TRA ndiyo inayopakua mizigo. Ukijua kila mhusika na kazi yake, mada hii inakuwa nyepesi.

1. Safari ya belo la mitumba

Tuchukue mfano ulio karibu nawe. Belo la mitumba linalofunguliwa sokoni Manzese lilitoka ng'ambo ndani ya kontena. Kabla halijafika kwa muuzaji, limepita katika mikono hii:

(a) Kampuni ya meli. Ndiyo yenye meli au inayoikodi, na ndiyo inayolipwa nauli ya mzigo. Mifano ni Maersk, MSC na CMA CGM.

(b) Wakala wa meli. Huiwakilisha kampuni ya meli hapa nchini. Hutoa taarifa ya ujio wa meli na hati zinazomruhusu mwenye mzigo kuuchukua.

(c) Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA). Ndiyo yenye bandari kwa niaba ya umma. Rubani wake hupanda melini na kuiongoza katika lango la bandari hadi gatini.

(d) Mwendeshaji wa kituo. Ana kreni na wafanyakazi wa kupakua makontena na kuyapanga yadini.

(e) Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Hukagua na kutoza ushuru wa forodha na kodi.

(f) Wakala wa forodha. Huajiriwa na mwenye mzigo ili amkamilishie taratibu za kuutoa bandarini.

(g) Msafirishaji wa nchi kavu. Huyu ni mwenye lori, au reli.

Zingatia: wakala wa meli hufanya kazi ya mwenye meli, na wakala wa forodha hufanya kazi ya mwenye mzigo. Usiwachanganye.

2. Mwenye nyumba na mpangaji

Mpaka mwaka 1977 bandari zetu zilikuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, ikaundwa Mamlaka ya Bandari Tanzania (THA). Mwaka 2005 TPA ikachukua nafasi yake. Wakati huo kampuni ya TICTS ilikuwa tayari inaendesha kituo cha makontena, kazi iliyoifanya kuanzia mwaka 2000 hadi mwisho wa mwaka 2022.

Kisha yakaja mabadiliko makubwa. Oktoba 2022 Tanzania na Dubai zilisaini makubaliano ya ushirikiano, na Bunge likayaridhia Juni 2023. Tarehe 22 Oktoba 2023 ikasainiwa mikataba inayoiruhusu DP World kuendesha gati 0 hadi 7 kwa miaka 30. Mei 2024 kampuni ya Adani ya India ilitangaza mkataba wake, nao wa miaka 30, wa kuendesha kituo cha pili cha makontena, yaani gati 8 hadi 11.

Je, bandari imeuzwa? Fikiria nyumba ya kupanga. Mpangaji anatumia vyumba na analipa, lakini hati inabaki kwa mwenye nyumba. Kisheria, TPA ni mwenye nyumba na waendeshaji ni wapangaji. Hata hivyo, mfano huu haumalizi mjadala. Mwaka 2023 wananchi, wanasheria na viongozi wa dini walihoji masharti ya makubaliano na Dubai, na kesi ilifunguliwa Mahakama Kuu, Mbeya. Mahakama iliitupa Agosti mwaka huo. Ukiulizwa ujadili, toa pande zote mbili: faida za mtaji, mitambo na kasi, na hofu kuhusu muda, masharti na ajira. Mtahiniwa anayeandika upande mmoja tu amejibu nusu ya swali.

3. Kwa nini siku zina bei

Meli inayosubiri zamu nangani inakula fedha kila siku. Mwenye meli huzirudisha gharama hizo kwenye nauli ya mzigo. Kontena nalo likikaa bandarini kupita siku za bure, mwenye mzigo hulipa tozo ya kuhifadhi. Kampuni ya meli nayo humdai kwa kuchelewesha kontena lake.

Tuseme tozo hizo ni shilingi 100,000 kwa siku, na kontena limechelewa siku 10. (Namba hizi ni za kukokotolea tu.) Jumla ni shilingi 1,000,000. Kama kontena lina mabelo 500, kila belo limeongezeka shilingi 2,000 kabla ya faida ya muuzaji. Mama anayenunua shati la mwanawe Manzese hajawahi kuiona meli hiyo, lakini yeye ndiye anayelipia kuchelewa kwake.

Ndiyo maana Serikali ilianza mradi wa kuboresha bandari mwaka 2017. Gati 1 hadi 7 ziliimarishwa na kuongezwa kina, na gati jipya la meli za magari likajengwa. Kina kikubwa huruhusu meli kubwa, na meli kubwa hupunguza gharama kwa kila kontena. Mwaka 2025 bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ilizinduliwa ili mizigo iende huko kwa reli na kupunguza msongamano wa malori jijini. Wanaonufaika si Watanzania peke yao, kwa sababu Zambia, Kongo, Burundi, Rwanda, Malawi na Uganda hutumia bandari hii.

Mambo ya mbali nayo hutugusa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi kati ya Asia na Ulaya ziache Mfereji wa Suez na kuzunguka Afrika Kusini. Njia ikirefuka, mafuta na siku huongezeka, na nauli hupanda.

4. Mdhibiti na usalama

Huduma za majini ni pamoja na abiria: boti za Dar es Salaam na Zanzibar, kivuko cha Kigamboni, na meli za maziwa. Mdhibiti ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanza mwaka 2018. Hukagua vyombo, hutoa leseni na husimamia usalama.

Kazi hii ni ya uhai na kifo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220. Ukiandika kuhusu udhibiti, tumia mfano huu.

Anayetaka kusomea ubaharia au uhandisi wa meli anaweza kwenda Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI). Alama za hisabati na fizikia utakazopata mwaka huu zitakusaidia kuingia.

5. Jipime

(i) Tofautisha kazi za TPA, TASAC na TRA bandarini.
(ii) Eleza jinsi kuchelewa kwa meli kunavyopandisha bei ya bidhaa sokoni.
(iii) "Kumpa mwekezaji gati si kuuza bandari." Jadili.

Dokezo la swali (ii): panga hoja kama mnyororo. Anza na meli nangani, kisha nauli na tozo, kisha bei ya jumla, na umalizie na bei ya rejareja. Kila hatua iwe na sababu yake. Ukiruka hatua moja, msahihishaji hawezi kukupa alama ya kitu ambacho hukukiandika.