Mizani Ikisema Uongo, Kagua Waya Kwanza



Anayelipwa kwa kilo hula kwa mizani. Mchuma chai shambani na mvuvi wa Ziwa Mweru wako sawa katika jambo hili. Mizani ikipunguza kilo 2 katika kila kilo 20, basi katika siku 10 za jasho, siku moja imekwenda bure. Ndiyo maana sisi wa Chisenga, wilayani Nchelenge, tulijitengenezea mizani ya umeme ili tujue uzito wa chisense wetu kabla hawajafika kwa mnunuzi.

Baadaye mizani hiyo ilianza kutusumbua. Bila mzigo ilionyesha kilo 3, na tulipoongeza mzigo tarakimu zilirudi nyuma. Tunaeleza hapa namna tulivyotafuta kosa.

Moyo wa mizani ni kihisi cha uzito, yaani kipande cha chuma chenye tundu katikati. Juu yake vimegandishwa vipande vinne vya waya mwembamba sana. Mzigo ukipinda chuma kidogo tu, ukinzani wa vipande hivyo hubadilika. Mpango huu huitwa daraja la Wheatstone, kwa jina la Charles Wheatstone wa Uingereza aliyeueneza mwaka 1843. Waya mbili huingiza umeme, mbili hutoa habari ya uzito. Habari hiyo ni ndogo mno: kihisi cha milivolti 2 kwa volti moja, kikipewa volti 5, hutoa milivolti 10 tu kikiwa na mzigo wake kamili. Kwa hiyo kiungo kimoja kibovu chaweza kuharibu hesabu yote.

Kwanza, zima umeme, ukate waya za kihisi kutoka kwenye kibao, uzipime kwa mita. Usiamini rangi peke yake. Mara nyingi nyekundu na nyeusi ni za umeme, kijani na nyeupe ni za habari, lakini watengenezaji hutofautiana. Katika kihisi cha omu 350, waya za jozi moja huonyesha karibu 350 au zaidi kidogo. Waya za jozi tofauti huonyesha karibu 260. Mita isiposoma kitu, waya umekatika.

Pili, pima kati ya kila waya na chuma chenyewe. Mita isionyeshe njia yoyote ya umeme. Ikionyesha, unyevu umeingia au ganda la waya limechubuka.

Tatu, rudisha waya na uwashe. Pima volti kwenye jozi ya umeme, kisha kati ya kila waya wa habari na waya hasi wa umeme: upate karibu nusu ya volti hizo. Kati ya waya mbili za habari, bila mzigo, upate karibu sifuri. Ikiwa mbali na sifuri ingawa waya ni nzima, huenda kihisi kimepindika kwa kubebeshwa kupita kiasi.

Sisi tulikuta makosa mawili. Waya za habari zilikuwa zimepishana, ndiyo maana tarakimu zilirudi nyuma. Tena kiungo kimoja kilisokotwa kwa mkono tu, kikashika kutu kwa unyevu na chumvi ya samaki. Tulibadilisha waya, tukalehemu kiungo, tukakifunika.

Mwisho, jaribu kwa maji: lita 20 ni kilo 20, ukiondoa uzito wa dumu. Weka dumu katikati na kwenye kila pembe. Pembe zikitofautiana, kagua jukwaa na skrubu.

Lakini tukumbuke: mizani hii ni ya kujihakikishia, si ya kuuzia. Mizani ya biashara lazima ikaguliwe na serikali. Zambia ni kazi ya Zambia Metrology Agency, Tanzania ni Wakala wa Vipimo. Ukiona tofauti, andika tarehe, kilo zako na kilo zao, mbele ya mashahidi wawili, uwapelekee viongozi wa chama. Daftari la wengi halipuuzwi kama lalamiko la mmoja.