Profesa na Wanawake wa Majengo

Sisi wa Donholm, tushukapo mjini kwa Barabara ya Jogoo, huipita kando Pumwani bila ya kukumbuka kuwa Majengo yake iliufunza ulimwengu. Profesa Frank Plummer, tabibu wa maradhi ya kuambukiza kutoka Kanada, alihamia Nairobi mwaka 1984, akaishi miaka 17. Yeye na wenzake waliwahudumia wanawake waliouza miili kwa dhiki, wakagundua kuwa baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya Ukimwi, ingawa walikabiliwa navyo kila mara. Alifariki papa hapa Nairobi, Februari 2020.

Jina lake twalijua. Ya wanawake wale hatuyajui, ilhali elimu ile ilisomwa katika damu yao. Tuwaombee dua, wala tusimnyanyapae mgonjwa.